Vidole Vinne vya Maji

Ukitupa kitunguu kibichi ndani ya mawese yaliyochemka, sufuria inavuta pumzi kwa meno, tssss, halafu inaanza kunong'ona. Mimi nina malewa, kibanda cha chakula cha viti kumi na viwili, karibu na kivuko, kwa hiyo sauti hiyo naisikia kila asubuhi ya Mungu, na kila asubuhi mkono wangu unasimama kidogo juu ya sufuria. Wateja wanafikiri ninaombea chakula. Siombi. Ninasikia mto ukiingia ndani ya moto. Niliusikia mara moja tu, mwezi wa kumi na moja, nikiwa na miaka kumi na minane, na ulifanya hivyo hivyo: tssss, bila hasira, kama mama anayeanza kupika.

Tonton Kashindi, mjomba wangu, amekufa mwaka huu, na matanga yake tuliyakalia kwenye uwanja wake, juu kule ambako maji hayafiki. Mimi nilipewa jiko, maana kila mtu anajua ninapika. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa na ungo wa maharage nikichambua, na nyuma ya turubai nikamsikia mjane, Mama Sifa, akiwaeleza wanawake waliofika kutoka Maniema. "Ule Nabintu munaona pale, njo alikuwa macho ya mume wangu," alisema. "Ule mwaka wa mafuriko yeye njo alikuwa anamusomea mayi kila asubuyi. Marehemu hakuchoka kusema: mutoni ilinidanganya, lakini ule mutoto hakunidanganya hata siku moja." Wanawake wakageuza shingo kunitazama, wakaguna lile guno la kumwonea mtu huruma na kumsifu pamoja. Niliendelea kuchambua. Baadaye niliona kwamba nilikuwa natupa maharage mazima na kubakiza mawe.

Habari za nani alinizaa na kwa nini niliacha shule darasa la nne la sekondari haziingii hapa. Inatosha mjue kwamba nilitoka bonde la Uvira na tonton, baada ya mto wa kule kupita ndani ya nyumba yake. Mke wake na watoto wawili walibaki wakilala kwenye chumba cha shule, na yeye akaja Kisangani kutafuta mahali pa kuwaweka. Alikuwa fundi wa matofali. Kila tofali alilofyatua mwaka ule lilikuwa na mahali pake kichwani mwake: haya ni ya chumba cha Mama Sifa, haya ya watoto, haya ya choo. Walitakiwa wasubiri mpaka kuta zisimame, ndipo wapande lori. Mimi nilikuja kumpikia.

Tulipanga chumba kimoja ng'ambo ya mto, mtaa wa Lubunga, kwenye uwanja wa mjane mmoja wa watu wa mto, Mama Alphonsine, mzaliwa wa upande wa Isangi, mkaushaji wa samaki. Chumba chetu kilikatwa katikati kwa kitenge. Upande wa tonton kulikuwa na kitanda, mwiko wa kupangia matofali, na Biblia yenye jalada lililovimba kwa maji ya Uvira. Upande wangu kulikuwa na mkeka na picha niliyoikata kwenye kalenda: mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani na dirisha linalotazama maji. Nililala nikiutazama mgahawa ule mpaka nikajua kila kijiko kilichomo. Nilikuwa nimekwisha kuupa jina, nimekwisha kuajiri wasichana wawili, mmoja nimekwisha kumfukuza kwa kuchelewa. Mama Alphonsine alinikuta siku moja nimesimama na samaki mkononi, natabasamu peke yangu. "Mutoto huyu," akasema, "kichwa yake iko na madirisha mingi kupita nyumba." Ukuta wa jiko lake ulikuwa mweusi wa moshi hadi unang'aa, na sisi sote tulinuka samaki wa kukaushwa, hata Biblia.

Mambo mengi niliyoyajua kuhusu mito nilijifunza juu ya sinia ya chakula. Jioni tulikula pamoja, sisi watatu, mbele ya jiko wakati mwanga bado upo. Siku moja kulikuwa na lituma, maharage na samaki, na tonton, ambaye hakujua kula bila kufundisha, alikwangua lituma yote, ile ndizi ya kupondwa, akaijaza upande mmoja wa sinia kama mlima. Akachimba mfereji kwa kidole, akamwaga mchuzi. "Hii njo mutoni ya kwetu," akasema. "Iko nashuka mulima na mbio, iko nabeba mawe. Munaona maharagi? Njo mawe." Mchuzi ulishuka, ukafika chini kwenye sinia tambarare, ukasimama, na maharage yakabaki pale mdomoni mwa mfereji. "Ikifika kwenye sawasawa, inachoka. Inaangusha mawe. Kesho inakuya tena, inaangusha ingine juu. Inajaza kitanda yake yenyewe, mupaka kitanda inakuwa juu kuliko nyumba za batu. Alors siku moja inasema, mimi siwezi lala huku juu." Akamwaga mchuzi mwingine, na mchuzi ukaruka pembeni, ukapita njia mpya, moja kwa moja hadi upande wangu, ukaloanisha samaki wangu. "Pale njo palikuwa nyumba yangu," tonton akasema. Akamchukua samaki akamla, nasi tukacheka, maana alikuwa amemnyemelea yule samaki tangu mwanzo.

Lakini alikuwa na jambo la kweli la kusema, na alilisema akiwa amekwisha kujifuta mdomo. Mto wa kwao una sauti. Mvua ikipiga huko juu, kabla maji hayajafika unasikia mawe yanagongana chini ya maji, gudugudu, kama lori la chupa. Ukisikia hivyo unabeba watoto unakimbia. Na maji yenyewe ni mgeni wa saa mbili: yanakuja, yanavunja, yanaenda, kesho yake unarudi kuokota. Huo ndio mto aliousoma tangu utoto. Mama Alphonsine alimsikiliza akivuta mfupa wa samaki katikati ya meno. "Huyu wetu hana mawe," akasema. "Huyu anakuya kama deni ya ukoo, pole pole, na akikuya anakaa. Wiki ine, wiki sita. Na wakati wa kwenda njo mubaya zaidi. Akishuka, anavuta udongo ya kando na yeye. Udongo imekunywa mayi, imelewa, na mayi yenye ilikuwa inaishika imeenda. Usisimame pale mupaka mwezi igeuke." Tonton akaitikia kwa adabu, kama mtu anayesikiliza dini ya mwenzake.

Watu wa mto wana desturi yao, na Mama Alphonsine aliikabidhi kwangu kwa sababu magoti yake hayakupenda tena ule mteremko. Maji yakianza kupanda, unachomeka kijiti pale pale yanapolamba udongo. Kesho yake alfajiri unashuka, unapima kwa vidole maji yamepanda kiasi gani juu ya kijiti, kisha unakichomoa na kukichomeka mahali papya. Anapima mtu mmoja tu, yule yule kila siku, maana vidole vya watu wawili havilingani. Na hakuna anayekwenda kumhakikisha. Kumfuata mpimaji nyuma ni sawa na kumwita mwongo, na bibi zao walisema mto ukisikia mpimaji anaitwa mwongo, unampa haki aliyemwita hivyo. Ukirudi juu unachora kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango wa jiko, mstari mmoja kwa kila kidole. Kidole kimoja au viwili kwa siku, watu wanaendelea na kazi. Vikifika vinne, uwanja mzima unahama: wanawake wa kanisa wanaitwa, wanajipanga mstari kutoka ukingoni hadi juu, na kila kitu kinapita mkono kwa mkono. Nilifurahi kupewa kazi ile. Nilijiona nina cheo. Nilichonga kijiti changu vizuri, nikakifunga uzi mwekundu kichwani.

Tonton alikuwa amepanga tanuru lake chini karibu na maji, kwa sababu udongo mzuri ulikuwa pale. Lilikuwa refu kama nyumba, na midomo minne ya kuni. Mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimechelewesha matofali kukauka, na ukichoma tofali lenye maji tumboni linapasuka. Kwa hiyo alikuwa anangoja jua. Kati ya mdomo wa tanuru na maji palikuwa na mkono mmoja wa kupanda, kiwiko hadi ncha ya kidole, na kila asubuhi aliuliza swali moja tu. "Mutoto, ngapi?" Nikijibu kimoja, au viwili, alihesabu kimoyomoyo. "Viwili. Bon. Niko na siku kumi na mbili. Ine za kukausha, ine za kuchoma, ine za kupoza. Mungu naye ni enjenia."

Sasa nifike kwenye simu. Jioni moja jirani wa Mama Sifa kule Uvira aliazima simu yake, na tonton akapata kusema na mtoto wake wa mwisho, Tumaini, aliyekuwa na miaka mitano. Aliweka sauti wazi ili sisi tusikie. Mtoto hakusalimia. "Papa, ile nyumba iko na mulango?"

"Iko na milango mbili."

"Mbili ya nini?"

"Moja ya kuingilia. Moja ya kukimbia mayi."

Mtoto akauliza, "Na mayi itapita wapi?" Tonton akacheka. Miezi tisa nilikuwa nimekaa naye na sikuwa nimewahi kukisikia kicheko kile. Kilitoka tumboni, kikamkohoza, Mama Alphonsine akampiga mgongoni akicheka naye. "Mayi itapiga hodi," akasema kwenye simu, "na sisi tutasema hatuko." Alimwambia mtoto kwamba tanuru litawashwa wiki ile, kwamba Noeli watakula pamoja Kisangani. Usiku nilimsikia nyuma ya kitenge anaimba wimbo wa kanisa bila maneno.

Kesho yake alfajiri nilishuka nikakuta kijiti kimezama. Niliweka kidole, nikaweka cha pili, cha tatu, cha nne, na maji yalikuwa juu ya cha nne. Nilirudia kwa mkono wa kushoto, kana kwamba mkono wa kushoto una roho nzuri zaidi. Vinne. Kulikuwa kimya kabisa. Siku zote, saa ile, upepo ukitoka juu, tulisikia maporomoko ya Wagenia kwa mbali, kama watu wengi wanaozungumza kanisani kabla ya misa. Asubuhi ile hakukuwa na kitu. Nilipopanda, tonton alikuwa ananawa uso kwenye beseni, bado ana ule wimbo puani. "Unasikia?" akaniambia. "Mutoni imenyamaza. Imechoka." Alikuwa ananisikiliza kwa uso mzima, maji yanamdondoka ndevuni. "Mutoto, ngapi?"

Nikasema viwili.

Nimelifikiria neno lile miaka kumi na saba, na bado siwezi kusema nililipanga. Lilitoka kama unavyomwambia mgonjwa kwamba leo uso wake una nuru. Nilijiambia ni siku moja tu, kesho mto utapunguza mwendo na hesabu itajilipa yenyewe. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Katika kichwa changu kila kitu kilikuwa kinaelekea kwenye vitambaa vyeupe mezani. Nilichukua mkaa nikachora mistari miwili kwenye mwimo. Mama Alphonsine aliipitia kwa kidole gumba, akasema, "Viwili. Lakini Wagenia imenyamaza." Tonton akasema ndiyo, imenyamaza, tushukuru. Mama Alphonsine akamtazama. "Papa Kashindi, kwenu ikinyamaza imelala. Kwetu ikinyamaza, mayi imefunika mawe yote. Iko nakula." Akautazama tena mwimo, mistari yangu miwili myeusi, akashusha mabega. Aliamini mkaa kuliko masikio yake, kwa sababu mpimaji nilikuwa mimi.

Siku ya pili vinne. Nikasema viwili. Siku ya tatu sikutaka kuweka mkono. Nilitazama tu, na nikasema viwili. Kama ningesema kweli siku ile ya kwanza, wanawake wa kanisa wangefika saa nne, na kufika jioni tanuru zima, tofali kwa tofali, lingekuwa juu. Nilijua. Hilo ndilo nataka lieleweke: nilijua desturi ilitaka nini, na kila siku iliyopita niliona aibu zaidi ya kurekebisha, kwa kuwa sasa ningetakiwa kueleza na siku zilizopita. Siku ya nne tonton mwenyewe aliona maji yamekaribia kuliko alivyotazamia. Alikuna kichwa. "Viwili ni viwili," akasema, "labda mimi njo nilipima mubaya." Alijilaumu yeye. Aliwasha tanuru siku ile ile, kabla matofali hayajakauka vizuri, kuni zote midomo yote minne, na moshi mweupe ukatoka juu kwa sababu ya unyevu. Alikuwa na masizi hadi masikioni, ananiita nione rangi ya moto, ananionyesha chumba cha watoto kiko upande gani.

Asubuhi ya sita nilikuwa nawapelekea chai wale vijana wawili waliolinda moto naye. Maji yalikuwa yamefika bila wimbi, laini, na povu la njano pembeni. Yakaingia kwenye mdomo wa kwanza. Tssss. Mvuke ukatoka midomo yote, tofali moja likapasuka ndani, kisha jingine, kama mahindi kwenye kikaango. Tonton alikunja suruali akasimama ndani ya maji ya vifundo vya miguu, ameshika mwiko. "Saa mbili," akasema. "Tungoje. Ni mugeni wa saa mbili." Alisimama pale hadi jua likawa juu ya kichwa. Maji yalimfika magotini. Mama Alphonsine aliteremka mteremko ule ambao magoti yake hayakuupenda, akamshika mkono kama unavyomshika mtu kaburini, akampandisha.

Tulihamia darasa moja la shule, juu, pamoja na jamaa nyingine tatu. Wiki tano. Madawati yalikuwa vitanda, ubao bado ulikuwa na somo la kujumlisha. Mama Alphonsine alikuwa amepoteza uchaga wake wa kukaushia samaki, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akicheka mtu. Chakula kilikuwa kwanga, mkate wa muhogo, na chumvi, wakati mwingine makayabu, samaki wa chumvi, tuliyoyagawa kwa kucha. Nilifanya vichekesho. Niliwaigiza wachungaji, niliwachezea watoto wa watu, nilimwambia kila mama kwamba wiki ijayo maji yataondoka. "Bila huyu tungekufa na huzuni," walisema, na mimi nilikwenda nyuma ya choo nikakaa.

Maji yakaanza kushuka, tena kwa mbio. Kutoka dirishani tuliona tanuru limesimama, limeinama upande wa mto, nusu ya chini imeyeyuka kuwa uji, lakini safu za juu nyekundu. Nyekundu kabisa, zimeiva. Tonton hakutoa macho pale. Jumamosi jioni, tukila mikate ya kukaanga ya jana, akatangaza kwamba kesho baada ya ibada anakwenda kuzichukua. Mama Alphonsine akaacha kutafuna. "Papa Kashindi, nilisema. Akishuka anavuta. Ngoja mwezi."

"Mama, kwetu mutoni ikienda imeenda. Na hii yenu, na heshima yote, hii ni ng'ombe. Vidole viwili kwa siku. Mupaka inaingia mu furu ya matofali ilikuwa inatembea kama ng'ombe." Akanigeukia. "Ao niko nadanganya? Mupimaji iko hapa."

Niliweka mkate chini. Nilisema, "Tonton, kama ingekuwa vine?"

"Vine?" Alicheka kidogo, si kicheko kile cha simu. "Kama ingekuwa vine kwa siku ningeiogopa. Nisingekanyaga pale."

Mama Alphonsine alikuwa ananitazama. Mtoto wa jamaa nyingine alikuwa ananivuta kitenge anataka nimwigizie mchungaji. Nilikuwa na mdomo wazi, na nakumbuka ladha ya mafuta ya ile mikate, mafuta ya siku nyingi. Ningeweza kusema neno moja. Nilimgeukia mtoto, nikaanza kuigiza mchungaji, na watu wakacheka, na tonton naye akacheka.

Jumapili nilimpelekea chakula. Alikuwa juu ya tanuru, amevua viatu, anapanga matofali yaliyoiva kuwa kilima kidogo nyuma yake. Aliponiona alichukua mawili akayagonganisha, yakalia kama kengele ndogo. "Sikia," akaita. "Imeiva. Chumba ya Mama Sifa iko hapa, nzima." Nilisimama hatua kumi kutoka kwake, na katikati yetu, kwenye udongo, niliona ufa. Ulikuwa mwembamba kama ufa wa chungu, na ulikuwa unatembea. Niliita, "Tonton, vilikuwa vine," niliita kwa nguvu zangu zote, na ndiyo mara pekee nimewahi kusema. Sijui kama alisikia. Ukingo uliteleza mzima mzima, bila haraka, kama lituma inavyoteleza kwenye sahani yenye mafuta, na tanuru juu yake, na yeye juu ya tanuru, bado ameshika matofali mawili. Maji yalifunguka, yakafunga.

Wavuvi waliokuwa karibu walimvuta kwenye pirogi, mtumbwi wao. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili, na haukukunja tena maisha yake yote. Kanisani alikaa pembeni ya benchi na mguu njiani, watoto wakauruka. Ukingo wenyewe ulirudi nyuma hatua ishirini mwaka ule. Leo pirogi zinapita pale tulipokuwa tukila. Kiangazi, mchanga ukijitokeza chini kule mto unapopinda, wakati mwingine watoto wanaokota vipande vyekundu vilivyolainishwa kama sabuni, wanachorea barabarani. Mimi nikiviona najua ni vya chumba gani.

Fundi mwenye mguu mmoja mzima anafyatua nusu ya matofali. Mama Sifa na watoto hawakula Noeli ile Kisangani, wala iliyofuata, wala ile nyingine. Walifika baada ya miaka minne. Tulikwenda kuwapokea mahali malori yanaposhushia, tonton amevaa shati lililopigwa pasi, amejifunza sentensi ya kumwambia Tumaini. Kijana alishuka, miaka tisa, mrefu, akamtazama yule mzee mwenye fimbo, akatazama mama yake kuuliza, kisha akaja akanyoosha mkono, "Jambo, papa," kama unavyomsalimu katekista. Tonton akaupokea mkono ule. Sentensi yake hakuisema. Wakaishi vizuri, sisemi hawakuishi vizuri. Lakini sikuwahi kumwona Tumaini amekaa mapajani pa baba yake, na watu walisema ni kwa sababu ya mguu.

Kijiti sikukishika tena. Nilimwambia Mama Alphonsine macho yangu yana ukungu asubuhi, akasema sawa, akampa mwingine, na hadi anakufa hakuniuliza kitu. Nimepata malewa yangu. Vitambaa vya mezani ni vya plastiki, dirisha linatazama ukuta, na mimi bado ni mtu wa kucheka. Wateja wanakuja kwa ajili ya hilo kama wanavyokuja kwa pondu, yale majani ya muhogo. Ila mteja akiniuliza kama samaki ni wa leo, na kumbe ni wa jana, ninasema ni wa jana. Wapo wanaoondoka.

Mama Sifa hasomi. Tumaini anasoma, ni mwalimu, na ndiye aliyesoma jina la baba yake siku ya maziko kwa sauti isiyokatika. Hizi karatasi nitampa yeye. Nimeanza kumwambia mara mbili wakati wa matanga. Mara ya kwanza mchele ulikuwa unaungua, na mara ya pili hapakuwa na kitu kinachoungua.

Siku ya kuvunja matanga niliamka kabla ya wote, nikachukua kisu cha jikoni, nikapita nyuma ya uwanja hadi makaburini. Msalaba wake ni wa mti mbichi, maandishi mbele, udongo bado mwekundu. Nilizunguka nyuma, nikapiga magoti. Niliweka kidole cha kwanza pale mti unapotoka ardhini, nikalaza cha pili juu yake, cha tatu, cha nne. Nikavishikilia pale, na kwa mkono mwingine nikakwaruza mstari juu ya cha nne, nikaurudia kwa ncha ya kisu hadi mti ukatoa utomvu.